Kabla Hakijapasuka

Maumivu ya kidole tumbo hayaanzii kilipo kidole tumbo. Yanaanzia kitovuni au juu kidogo ya kitovu, na mwanzoni hayana makali ya kumtisha mtu. Tumbo linajaa, linasokota, linakataa chakula. Mgonjwa anajikumbusha alichokula jana. Anakwenda chooni akiamini kwamba akipata choo atapata nafuu, anarudi vilevile. Pengine anatapika mara moja au mbili. Saa zinapita, na baada ya nusu siku hivi maumivu yanahama. Yanashuka chini upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga, na huko yanakaa mahali pamoja, makali, kiasi kwamba sasa mgonjwa anaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole.

Watu wengi waliopasuliwa kidole tumbo watakusimulia safari hiyo bila kuulizwa. Si wote wanaoipitia; kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito dalili huja zimevurugika. Lakini ikitokea, ni taarifa yenye thamani kuliko vipimo vingi, kwa sababu inaeleza ugonjwa umefika wapi.

Kidole tumbo ni kimrija chembamba chenye urefu wa sentimita 9 hivi, kilichoziba upande mmoja, kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Mdomo wake ukizibwa na kijiwe cha kinyesi kilichokauka, au tezi zilizo ndani ya ukuta wake zikivimba, au minyoo ikaingia, ule ute unaotengenezwa humo siku zote unakosa pa kutokea. Msukumo wa ndani unapanda. Mishipa inayorudisha damu inabanwa kwanza, ukuta unavimba, kisha hata damu inayoingia inapungua. Bakteria waliokuwa wakiishi humo bila madhara wanaanza kuushambulia ukuta uliodhoofika.

Katika hatua hii ya kwanza, neva za kidole tumbo zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo mahali palepale zinapofikia neva za ngozi ya kitovuni, na ubongo unadhani shida iko kitovuni. Uvimbe ukishatoka nje na kuugusa utando unaolifunika tumbo kwa ndani, neva nyingine zinaamshwa, na hizo zinajua mahali hasa. Kwa hiyo maumivu yanapohamia kulia, ugonjwa umekwisha kuvuka ukuta. Asipoingilia mtu, kinachofuata mara nyingi ni ukuta kufa na kutoboka. Kwa wengi hilo hutokea kati ya siku moja na tatu tangu maumivu ya kwanza. Kwa mtoto mdogo huenda kasi zaidi, na mara nyingi yeye hufikishwa hospitali kikiwa tayari kimetoboka, kwa kuwa hawezi kueleza kinachomsibu.

Lipo jambo moja katika mwendo huu ambalo kila familia inapaswa kulijua. Kidole tumbo kinapotoboka, maumivu yanaweza kupungua. Msukumo uliokuwa umefungiwa umepata njia, na mgonjwa anapumua, anaomba maji, anasema sasa afadhali. Mjomba aliyekuwa akitafuta gari anapigiwa simu kwamba asihangaike tena. Saa chache baadaye usaha na kinyesi vilivyomwagika vimesambaa, tumbo limekakamaa kama ubao, mapigo ya moyo yanakimbia, homa imepanda. Upasuaji ambao jana ungekuwa mdogo sasa ni wa kulifungua tumbo zima na kuliosha, na mgonjwa atalala wodini siku nyingi, kama atapona.

Na hizo saa za kwanza, zile zenye thamani, zinatumikaje nyumbani? Tumbo likiuma, neno la kwanza ni chango. Mgonjwa anachemshiwa mizizi, anasuguliwa tumbo. Jirani anakumbuka dawa ya minyoo. Shangazi anasema tumbo limefunga, apewe haluli au mafuta ya mbarika. Asubuhi anapelekwa duka la dawa na kurudi na flajili na vidonge vya kutuliza maumivu. Mchana anapimwa na kuambiwa ana taifodi na UTI, majibu mawili ambayo siku hizi ni nadra mwenye tumbo kuondoka bila kupewa mojawapo. Wote hao wanampenda au wanataka kumsaidia. Lakini siku ya kwanza imekwisha, na hakuna aliyeliweka tumbo lile chini ya mkono wa mtu anayeweza kulipasua.

Kuhusu haluli na dawa nyingine za kuharisha, niseme kwa nguvu: tumbo linalouma bila sababu kujulikana halipewi dawa ya kuharisha. Dawa hizo zinaulazimisha utumbo kujikunja kwa nguvu wakati mrija mmoja umeziba na ukuta wake umelegea. Funzo hili lilipatikana kwa vifo vingi. Katika miaka ya 1930, mjini Philadelphia, Marekani, daktari wa upasuaji John Bower aliendesha kampeni ya kuwaonya wananchi juu ya hatari hiyo, kwa sababu wagonjwa waliokuwa wakimfia mikononi walikuwa wamekwisha kunyweshwa dawa ya kuharisha nyumbani kabla ya kuletwa.

Dalili moja inawafaa sana wasafiri wa barabara zetu. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya Stoke Mandeville. Waliwauliza wagonjwa walioshukiwa kuwa na kidole tumbo kama maumivu yaliongezeka gari lilipopita juu ya matuta njiani. Kati ya wagonjwa 34 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huo na waliokuwa wamepita kwenye matuta, 33 walisema ndiyo. Matuta yaliwaumiza pia baadhi ya wasiokuwa na kidole tumbo, kwa hiyo jibu la ndiyo peke yake halithibitishi kitu. Lakini mgonjwa aliyeletwa kwa bodaboda juu ya matuta na mashimo, akashuka bila kulalamikia mtikisiko hata mmoja, huyo ana uwezekano mdogo wa kuwa na kidole tumbo. Swali hilo halihitaji umeme wala maabara, na muuguzi wa zahanati anaweza kuliuliza.

Mkono wa daktari nao una adabu zake. Mgonjwa analala chali, magoti yamekunjwa kidogo ili misuli ya tumbo ilegee. Daktari aliyefundishwa vizuri haanzi kubonyeza penye maumivu. Anaanza mbali, upande wa kushoto, kwa kiganja kilichopata joto, na macho yake yako usoni kwa mgonjwa, kwa sababu uso hukunjamana kabla mdomo haujasema. "Mama, hebu kohoa kidogo. Umesikia wapi?" Mama anashika kulia. Daktari anabonyeza kushoto taratibu. Mama anasema maumivu yamekuja kulia. Kisha, mwisho kabisa, vidole vinafika pale ambapo Charles McBurney, daktari wa New York, alipaeleza mwaka 1889: ukichora mstari kutoka kwenye mfupa wa mbele wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, ni pale inapoishia theluthi ya kwanza ya mstari huo. Anabonyeza polepole na kuachia. Mara nyingi kuachia kunauma kuliko kubonyeza.

Baada ya hapo vipimo vinasaidia: seli nyeupe za damu, mkojo, na kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha mimba, maana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kuuma palepale na inaua kwa kasi zaidi. Mwaka 1986 Alfredo Alvarado alizipa dalili na majibu ya damu alama zinazofikia 10. Mgonjwa mwenye 7 au zaidi anastahili kuonwa na mpasuaji bila kukawia. Ultrasaundi inafaa sana ikiwa mikononi mwa anayeijua. Na dawa ya kutuliza maumivu itolewe. Zamani wagonjwa walinyimwa, kwa hofu kwamba dawa ingeficha dalili. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kumpunguzia mtu mateso hakumzuii daktari makini kuujua ugonjwa. Inaniuma kwamba katika wodi nyingine unyimaji huo bado unaendelea.

Haikuwa wazi tangu zamani kwamba maradhi haya ni ya kisu. Kidole tumbo cha kwanza ambacho kumbukumbu zinaeleza kilitolewa na mgonjwa akapona kilikuwa cha mtoto wa miaka 11, mwaka 1735, katika hospitali ya St George's mjini London. Daktari Claudius Amyand alikuwa akitibu ngiri ya mtoto huyo, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Dawa ya usingizi haikuwapo. Miaka mia moja na hamsini ikapita, na watu wakaendelea kufa kwa kile ambacho madaktari walikiita uvimbe wa mwanzo wa utumbo mpana, wakiwapa afyuni na kuwalaza kitandani wakingoja.

Aliyeibadilisha hali hiyo hakuwa mpasuaji. Reginald Fitz wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa daktari wa kuchunguza maiti. Alikuwa ameona ndani ya matumbo ya waliokufa, na mwaka 1886 aliwasomea madaktari wenzake mjini Washington matokeo ya kuchunguza visa 257 vya kidole tumbo kilichotoboka. Chanzo, alisema, si utumbo mpana. Ni kile kimrija. Akaupa ugonjwa jina ambalo dunia inalitumia hadi leo, kisha akaweka saa: ikiwa siku moja imepita tangu maumivu makali yaanze, na uambukizo unaonekana kusambaa, na hali ya mgonjwa ni mbaya, basi jambo la kufikiriwa ni upasuaji wa papo hapo. Kwa mtu asiyeshika kisu kuwaambia wenye visu kwamba wanachelewa, huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Miaka mitatu baadaye McBurney akatoa ile alama ya mahali pa kubonyeza na kuhimiza upasuaji wa mapema.

Ng'ambo ya bahari, London haikuwa na haraka hiyo. Frederick Treves, mpasuaji aliyejulikana kuliko wote Uingereza kwa maradhi haya, aliamini kwamba mashambulio mengi hupoa yenyewe, na kwamba ni salama zaidi kungoja yapoe ndipo kidole tumbo kitolewe mgonjwa akiwa katika utulivu. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Bila dawa za kuua bakteria, kulifungua tumbo lenye usaha kulikuwa kunaua. Lakini mwaka 1900 binti yake, Hetty, alikufa kwa kidole tumbo kilichotoboka. Baba aliyejua ugonjwa huu kuliko mtu yeyote nchini mwake alimzika mwanawe kwa ugonjwa huohuo.

Miaka miwili baadaye aliitwa kwa mfalme. Kutawazwa kwa Edward VII kulipangwa tarehe 26 Juni 1902. Wageni kutoka pande zote za dunia walikuwa wameshafika, barabara zimepambwa, karamu zimeandaliwa. Mfalme alikuwa na miaka 60, mnene, mvutaji mkubwa wa sigara, na tumbo lake lilikuwa linamuuma kwa siku kumi hivi. Lilipoa, likarudi, homa ikapanda, na upande wa kulia likajitokeza jipu. Mfalme alikataa katakata kuahirisha sherehe. Madaktari wakasimama kwenye neno lao. Tarehe 24 Juni, siku mbili kabla ya taji, chumba kimoja cha kasri la Buckingham kikageuzwa kuwa chumba cha upasuaji, na Treves akapasua jipu na kutoa usaha. Kidole tumbo chenyewe hakukigusa; kukitafuta ndani ya uvimbe ule kungehatarisha zaidi. Mfalme alipona na kutawazwa tarehe 9 Agosti.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa upasuaji, nami nakubali kwamba kiliwafanya watu wa kawaida waache kuogopa kisu. Ila mfalme huyo alichelewa. Alikuwa na madaktari bora wa dola, wakikaa karibu naye mchana na usiku, na bado alifika kwenye meza akiwa na jipu. Kilichomchelewesha hakikuwa umbali wala umaskini. Ilikuwa ratiba, ilikuwa heshima, ilikuwa tumaini kwamba kesho litapoa. Treves mwenyewe alifariki mwaka 1923 mjini Lausanne kwa uambukizo wa utando wa tumbo.

Mtu aliyezihesabu saa zake vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Leonid Rogozov. Mwaka 1961 alikuwa na miaka 27, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, Antaktika, katikati ya majira ya dhoruba ambapo ndege haikuweza kutua. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili alianza kuugua. Alijipa dawa za kuua bakteria na kuliwekea tumbo baridi, hali ikazidi. Usiku wa tarehe 30 akaamua. Alijidunga ganzi, mwenzake mmoja akamshikia kioo, mwingine akampa vifaa, naye akajipasua akiwa ameegemea. Kioo kilimpindulia kushoto na kulia, akakiacha na kufanya kazi kwa kupapasa. Ilichukua saa 1 na dakika 45. Alipokitoa kidole tumbo alikuta doa jeusi kwenye shina lake, akakadiria kwamba siku moja zaidi kingepasuka. Baada ya wiki mbili alikuwa kazini.

Katika hospitali yenye watu na vifaa, kazi hiyohiyo ni ya chini ya saa moja. Mgonjwa halishwi wala hanyweshwi kitu. Anawekewa dripu. Ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa anapewa dawa za kuua bakteria mshipani, kwa kawaida seftriaksoni na metronidazo, na jambo hilo peke yake hupunguza sana vidonda kutunga usaha. Analazwa usingizi, au anachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kwa njia ya wazi, ngozi inakatwa sentimita chache juu ya ile alama ya McBurney. Chini yake misuli haikatwi. Inapanuliwa kufuata uelekeo wa nyuzi zake, tabaka moja baada ya jingine, ndiyo maana baadaye hujirudia yenyewe na kovu linakuwa imara. Utando wa tumbo unafunguliwa. Mara nyingine kidole tumbo kinajitokeza chenyewe, chekundu, kimevimba, kimefunikwa na utando mweupe wa usaha. Mara nyingine kimejificha nyuma ya utumbo, na hapo mpasuaji ana siri ya zamani: juu ya mwanzo wa utumbo mpana kuna mikanda mitatu ya misuli, na yote mitatu inakutana kwenye shina la kidole tumbo. Ukiufuata mmoja kwa kidole, utafika. Mshipa wake wa damu unafungwa kwa uzi, shina linafungwa, kinakatwa, kinawekwa kando.

Njia ya matundu madogo, ambayo Kurt Semm alikuwa wa kwanza kuitumia kwa kidole tumbo huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, inafanya yaleyale kwa kamera na vyombo vyembamba kupitia matundu matatu, tumbo likiwa limejazwa gesi. Semm alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, na wapasuaji wa nchi yake walimpinga vikali. Leo ndiyo njia ya kawaida penye mashine. Pasipo na mashine, njia ya wazi bado ni nzuri, na mgonjwa asikubali kusubiri siku tatu kwa ajili ya kamera.

Hapa ndipo panahitaji usahihi, maana wapo wanaosikia "siku hiyohiyo" wakadhani kila dakika ya kungoja hospitalini ni uzembe. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Finland na Norway uliohusisha watu wazima zaidi ya 1,800 wenye kidole tumbo kisichoonyesha dalili za kutoboka. Nusu walipangiwa kupasuliwa ndani ya saa 8, nusu ndani ya saa 24. Waliokutwa kimetoboka walikuwa asilimia 8 katika kundi la kwanza na 9 katika la pili. Kwa lugha nyingine, mgonjwa aliyefika saa tano usiku, akagunduliwa, akapewa dawa mshipani na kuangaliwa, anaweza kupasuliwa asubuhi na timu iliyolala, na hajapoteza kitu.

Lakini saa za wodini si saa za nyumbani. Wagonjwa wa utafiti ule walikuwa wamekwisha kupimwa na wako chini ya uangalizi. Kijana anayejikunja kitandani kijijini akinywa mizizi hana hata kimoja kati ya hivyo. Mtu yeyote anayetumia matokeo ya Finland kuhalalisha kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumwambia aje kesho, ameusoma utafiti upande mmoja. Saa zinazoua sehemu zetu ni zile za kabla ya lango la hospitali, na zile za kati ya hospitali moja na nyingine, mgonjwa akiwa na karatasi ya rufaa mkononi na gari la wagonjwa halina mafuta.

Ndiyo maana Tume ya Lancet ya mwaka 2015 kuhusu upasuaji duniani, iliyokadiria kwamba watu bilioni 5 hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoumudu, ilitumia kipimo cha saa 2: kila mtu aweze kukifikia ndani ya muda huo kituo kinachoweza kumpasua mama anayeshindwa kujifungua, kulifungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoka nje. Tanzania ilikwisha kuuelewa ukweli huu kwa namna yake tangu miaka ya 1960, ilipoanza kuwafundisha madaktari wasaidizi ambao wamefanya upasuaji mkubwa wa dharura katika hospitali za wilaya kwa vizazi. Wengi wanaoishi leo walipasuliwa na mikono yao. Na kuhusu pesa, ambazo ndizo huzuia safari mara nyingi, ndugu wakipigiana simu kuchangishana huku mgonjwa akizidiwa: safari ianze, mchango ufuate. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo inadaiwa langoni mwa hospitali, haidaiwi mtu akiwa amelala nyumbani.

Vipi basi kuhusu kutibu kwa dawa bila kisu? Swali hili ni la haki na lina majibu ya kweli. Nchini Finland, Paulina Salminen na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 530; kati ya waliopewa dawa peke yake, asilimia 27 walilazimika kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja, na baada ya miaka 5 waliorudiwa na ugonjwa walifikia asilimia 39. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na watu 1,552, ulionyesha kwamba karibu 3 kati ya 10 waliopewa dawa walipasuliwa ndani ya siku 90, na waliokuwa na kijiwe cha kinyesi ndani ya mrija waliangukia kisu zaidi, 4 kati ya 10. Maana yake ni kwamba wengi wanaweza kuepuka upasuaji, angalau kwa muda. Ila wagonjwa hao walichunguzwa kwa picha nzuri kwanza, na hali ikigeuka walikuwa na hospitali ya kuirudia upesi. Anayeishi mbali na barabara ya lami, ambaye mvua za masika zikinyesha hana pa kupita, anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kuchagua. Mimi kwa mtu huyo ningependekeza kisu, leo, wakati yupo mikononi mwa madaktari.

Wakati Denis Burkitt alipokuwa mpasuaji Mulago, Kampala, alishangaa jinsi alivyokuwa akiuona ugonjwa huu mara chache miongoni mwa watu wa vijijini ukilinganisha na Uingereza, na baadaye akaandika kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi ndicho kinga yao. Nadharia yake bado inajadiliwa. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba leo kidole tumbo ni miongoni mwa upasuaji wa dharura wa tumbo unaofanyika mara kwa mara katika hospitali za ukanda wetu. Kwa hiyo mtabibu aliyesoma vitabu vya zamani akaamini kwamba Waafrika hawaugui kidole tumbo aachane na imani hiyo.

Aliyewahi anaondoka mapema. Mgonjwa ambaye kidole tumbo chake hakikutoboka, akipasuliwa kwa matundu madogo asubuhi, katika baadhi ya hospitali za Ulaya na Marekani anaruhusiwa jioni ileile, mradi anakunywa bila kutapika, amekojoa, anatembea, vidonge vinatosha kumtuliza, na yupo mtu wa kulala naye nyumba moja. Kwa njia ya wazi ni siku moja au mbili. Atembee mapema; damu isiyotembea huganda miguuni. Kidonda kisiloweshwe mpaka aambiwe, na mzigo mzito, ndoo ya maji ikiwamo, usubiri wiki kadhaa. Homa ikirudi siku ya nne au ya tano, au tumbo likaanza kujaa, au kidonda kikawa chekundu na cha moto, arudi hospitali siku hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Na kidole tumbo kilichokatwa kisitupwe. Kinatakiwa kuwekwa kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhi na kupelekwa maabara, na ndugu wana haki ya kuuliza kama kimepelekwa. Takriban kimoja katika mia hukutwa na uvimbe wa saratani ambao macho ya mpasuaji hayakuuona. Kanda ya Ziwa, darubini hukuta pia mayai ya kichocho ndani ya ukuta wake, na mtu huyo, ambaye kidonda chake kimekwisha kupona na ameshasahau, anahitaji kupigiwa simu arudi achukue dawa ya kichocho, yeye na pengine watoto anaooga nao ziwani.